Kumbukumbu ya vinanda vya umeme na betri isiyodumu milele

Mwaka 1978 kampuni ya Marekani ya Sequential Circuits ilitoa kinanda cha umeme cha Prophet-5. Kabla ya hapo, mpigaji aliyepata sauti aipendayo aliandika karatasini mahali pa kila kitufe, ili aipate tena kesho yake. Prophet-5 kilihifadhi sauti 40 chenyewe. Mwaka 1983 Yamaha ya Japani ikaleta DX7, kinanda chenye nafasi ya sauti 32, zote zikienea katika baiti 4,096 tu.

Hata hivyo, kumbukumbu ya vinanda hivyo husahau yote umeme ukikatika. Ndipo ikawekwa betri ndogo, kuilisha chipu usiku na mchana. Betri hiyo hudumu miaka mingi, ila joto huipunguzia maisha. Hapa Muaither, pembezoni mwa Doha, ambako kiangazi hupita nyuzi joto 40, kinanda kilichoachwa stoo kimo hatarini zaidi.

Hasara yake ni nini? Sauti za kiwandani hupatikana tena. Sauti aliyoibuni mwanamuziki mwenyewe, ikipotea, imepotea. Kwa Waswahili jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1990, Muungano na TOT ziliposhindana jijini Dar es Salaam, kinanda cha umeme kilikuwa kimeshika nafasi ya vyombo vingi vya taarabu ya zamani. Sehemu ya historia ya muziki huo ilipita katika chipu za namna hii.

Leo mafundi huweza kuiondoa chipu ya zamani na kuweka isiyohitaji betri. Mojawapo ni chipu ya feroelektriki, ambayo hutunza taarifa kwa mwelekeo wa chaji ndani ya fuwele; umeme ukizimwa, mwelekeo haubadiliki. Lakini si kila chipu hukubaliana na kila kinanda, hata miguu yake ikilingana, kwani namna ya kuisoma na kuiandika yaweza kutofautiana.

Jambo moja hutangulia yote: kuing'oa chipu ya zamani ni kuifuta. Kabla ya fundi kushika chuma cha kulehemu, sauti zinakiliwe kwenye kompyuta kwa njia ya MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Chipu mpya hulinda kilichomo. Kilichokwisha kupotea haikirudishi.