Kabla Hujaniambia "Wingu", Niambie Seva Iko Wapi

Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, nilikuwa nyuma ya kaunta ya saiba moja hapa Garsen. Shule zilikuwa zinafunguliwa siku hiyo, zimechelewa wiki mbili kwa sababu ya mafuriko. Akaingia mwalimu mmoja, viatu vimejaa matope, mkononi ana karatasi ya majina ya wanafunzi wa kuingizwa kwenye NEMIS. Nikafungua ukurasa. Ukazunguka. Ukazunguka tena. Jana yake, Jumapili, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kule chini upande wa Afrika Kusini, na mtandao Kenya ulikuwa unatambaa. Nikamweleza. Mwalimu akaniangalia: "Kijana wangu, yaani huku tumekatwa na maji, na huko nako wamekatwa majini?"

(Kwa wageni wa hapa: ndiyo, niliacha chuo. Karo. Tusonge.)

Siku hizi kila mtu ana wimbo mmoja, ati shule ziende kwenye wingu. Sawa, lakini wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, iko mahali usipopaona, na unaifikia ukiwa na mtandao na bando. Sisi wa Mto Tana mawingu ya mbali tunayajua vizuri sana. Mvua inanyesha Aberdare na Mlima Kenya, sisi huku jua linawaka, halafu mto unapanda na barabara inapotea. Hatukuulizwa.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kuna historia ambayo hatuambiwi.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliachilia Linux ikiwa bado changa, na mtu yeyote akaweza kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Hiyo ndiyo tunaita programu huria. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, na kwa miaka kadhaa walikuwa wanakutumia CD kwa posta bila kulipa hata senti. Lakini kinachoniuma ni hiki: mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice. Programu nzima ya ofisi, menyu zake kwa Kiswahili. Hawakumpigia magoti mwenye kampuni. Kodi zilikuwa wazi, wakakaa chini wakatafsiri. Mimi nilizaliwa miaka hiyo, nikasoma kompyuta shuleni kwa Kiingereza kitupu, kwa nakala ya Windows ya kuibia iliyokuwa inatuambia kila asubuhi kwamba si halali. Hakuna aliyewahi kunitajia Jambo.

Halafu ikaja 2013 na ahadi ya laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tenda ya kwanza ikafia kwenye mivutano, laptopu zikageuka tableti, na 2016 usambazaji ukaanza. Mwishowe zaidi ya vifaa milioni 1 viliingia kwenye shule za msingi za umma zaidi ya 21,000. Watu wanacheka huo mradi hadi leo, lakini kuna kitu wanasahau. Ndani ya kila mzigo, pamoja na tableti, kulikuwa na seva ndogo na ruta. Yaani wingu dogo la shule yenyewe, masomo yako ndani ya boksi, watoto wanayafikia bila intaneti. Manze, hilo wazo lilikuwa zuri! Sisi wakubwa tulikuwa tunachungulia dirishani wadogo zetu wakipapasa vioo.

Shuleni kwetu, boksi liliishia kabatini. Kitu kilipokwama hakuna mwalimu aliyejua nywila wala aliyeruhusiwa kukifungua, na fundi alikuwa wa kungojwa kutoka mbali.

Linganisha na Kolibri. Mwaka 2012 wanafunzi wa San Diego, Marekani, walitengeneza KA Lite ili masomo ya Khan Academy yasomeke bila mtandao. Mwaka 2017 kazi hiyo ikazaa Kolibri, ambayo ni huria, ina Kiswahili, na imefundishia watoto wa kambi ya Kakuma. Laptopu moja kuukuu inatosha kuwa seva. Masomo unayabeba kwa flashi au unayahamisha kutoka mashine hadi mashine, na alama za wanafunzi zinatumwa juu siku mtandao ukipatikana. Mwalimu anaendelea kufundisha hata waya ukikatika baharini.

Najua kuna atakayeniambia: mafuriko yakiingia ofisini, hilo boksi lako litaenda na madaftari. Kweli kabisa, na kwa hilo wingu linatusaidia, kwa sababu nakala iliyoko mbali hailoi. Mimi sipingi wingu. Napinga shule kutokuwa na chochote chake chini.

Maana sasa si mchezo tena. Ili mtoto apangiwe shule ya Gredi ya 10, asilimia 60 ni mtihani wa KJSEA, 20 ni KPSEA aliyofanya Gredi ya 6, na 20 zinatoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Hizo tathmini mwalimu anazipakua kwenye tovuti ya KNEC, halafu anapakia alama hukohuko. Mtoto wa Nairobi alama zake zinapanda mwalimu akinywa chai. Za mtoto wa huku ndani zinapanda pikipiki kwanza, hadi Garsen, hadi kwenye kaunta yangu, zinangoja ukurasa uache kuzunguka.

Mwezi uliopita nilienda shule yangu ya zamani. Boksi bado lipo, lina vumbi, taa yake inawaka ukiichomeka. Nikamwambia mwalimu mkuu nina Kolibri kwenye laptopu, nipe Jumamosi moja tu nijaribu kuunganisha na hiyo ruta. Akasema hiyo ni mali ya serikali, niandike barua.

Barua nimeandika. Nimeichapa kwa LibreOffice.