Kupandikiza kongosho: je, ni tiba ya kisukari?

Wazazi wengi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza huuliza: "Kama kongosho ndilo lenye tatizo, kwa nini mtoto asiwekewe jingine?" Upasuaji huo upo, lakini kwa watoto hufanyika kwa nadra sana.

Hufanyikaje?
Kongosho hutolewa kwa mtu aliyefariki dunia, kwa ridhaa iliyotolewa kabla au na familia yake. Daktari huliweka sehemu ya chini ya tumbo la mgonjwa na kuliunganisha na mishipa ya damu. Kongosho la zamani haliondolewi, kwa sababu bado linasaidia kusaga chakula. Upasuaji wa kwanza ulifanyika mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani.

Nani hufanyiwa?
Mara nyingi ni mtu mzima mwenye kisukari aina ya kwanza ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Hupandikizwa figo na kongosho kwa pamoja. Wachache hupandikizwa kongosho peke yake, kama sukari yao hushuka ghafla bila wao kuhisi dalili.

Faida na hatari
Upasuaji ukifanikiwa, mgonjwa anaweza kuacha sindano za insulini. Lakini atameza dawa za kupunguza kinga ya mwili kila siku, muda wote kongosho hilo linapofanya kazi, ili mwili usilikatae. Dawa hizo humfanya ashambuliwe kwa urahisi na maambukizi, na huongeza hatari ya baadhi ya saratani. Damu pia inaweza kuganda kwenye mishipa ya kongosho jipya, likafa. Kwa mtoto ambaye figo zake ni nzima, insulini ni salama zaidi.

Wewe ufanye nini?
- Mpe mtoto insulini kila siku, hata anapoumwa au anapokula kidogo. Kipimo muulize mhudumu wa afya.
- Mpime sukari kama ulivyoelekezwa, na usikose kliniki.
- Usiache insulini kwa sababu mtu amekuahidi dawa ya kuponya kisukari. Mtoto mwenye aina ya kwanza akikosa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.
- Akitapika, akiumwa tumbo, akihema haraka au akilegea, mpeleke hospitali mara moja.