Kompyuta ya zamani inagoma kuwaka kupitia mtandao? Soma namba ya kosa kwanza

Kompyuta ya zamani yenye diski mbovu si ya kutupa. Kwa kutumia PXE, mfumo uliobuniwa na Intel miaka ya 1990, inaweza kuvuta programu endeshi kutoka kwenye seva kupitia waya wa mtandao. Ndivyo zinavyofanya kazi maabara za kompyuta zinazotumia LTSP: seva moja, mashine nyingi zisizo na diski.

Ikigoma, usikimbilie kwa fundi. Namba inayotokea kwenye skrini inaonyesha safari imekatikia wapi.

PXE-E61: Mashine haioni waya. Angalia kitaa pale waya unapochomekwa. Hakiwaki? Badilisha waya au tundu la swichi. Wi-Fi hapa haisaidii.

PXE-E51: Mashine imeomba anwani ya IP, hakuna aliyejibu. Hakikisha DHCP inafanya kazi kwenye mtandao huohuo. Baadhi ya swichi za ofisini pia huchelewa kufungua tundu, mashine ikachoka kusubiri. Jaribu kuweka swichi ndogo ya kawaida katikati.

PXE-E53: Anwani imepatikana, ila mashine haijaambiwa ichukue faili gani. Kwenye DHCP jaza chaguo namba 66 (seva) na 67 (jina la faili).

PXE-E32: Seva ya TFTP haijibu. Iwashe, kisha hakikisha programu ya ulinzi haijazuia UDP 69.

Hakuna namba yoyote? Ingia BIOS, ruhusu kuwaka kwa mtandao, kisha uupandishe juu ya diski kwenye orodha. Kama kadi haina PXE kabisa, weka iPXE kwenye flashi na uwashie hapo.

Faili linashuka, halafu mashine inaganda? Mashine ya BIOS inataka faili kama pxelinux.0, siyo la .efi. Na prosesa ya biti 32 haiwezi kuendesha mfumo wa biti 64.

Tahadhari: usiwashe DHCP ya pili wakati ruta tayari inagawa anwani. Ofisi nzima inaweza kukosa intaneti. Tumia dnsmasq kwa mtindo wa proxy. Yenyewe hutoa maelekezo ya PXE tu na kuiachia ruta kazi yake.

Mashine ikiwaka na diski bado inasomeka, nakili mafaili yako kwanza. Mengine yatafuata.