Mali Ipitayo na Mali Ikaayo

Isevya ni kata ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, moja ikishika Ujiji, nyingine Ziwa Nyanza. Pembe za ndovu zilishuka pwani pamoja na watu waliofanywa watumwa. Nguo, shanga na bunduki zikapanda bara. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Unguja. Mabega yalikuwa ya Wanyamwezi. Mwaka 1912 reli ya Wajerumani ilifika Tabora, na kazi ya upagazi, iliyowapa Wanyamwezi ujira na sifa, ikafifia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo, magharibi ya Tabora. Nchi ilikuwa imechunguzwa kwa majuma machache tu. Matrekta yakaja kabla udongo na mvua havijajulikana vema. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara yake ilikuwa takriban pauni milioni 36. Urambo ikageukia tumbaku. Nayo hukaushwa kwa kuni za miyombo, hata faida ya leo ikawa deni la msitu wa kesho.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa Tabora walikuja kwa zamu, na mwenyeji hakuulizwa ugonjwa wake. Mtaji uendao nchi ya mbali haupimwi kwa wingi wake siku ya kuingia, bali kwa kile kinachosalia mikononi mwa wenyeji mwenye mtaji akiisha kuondoka.