Kichujio cha Jua: Jina Moja, Vifaa Viwili

Anayetafuta darubini ya kupigia picha jua hukutana mapema na jina "kichujio cha jua". Jina hilo limebebeshwa vifaa viwili ambavyo kazi zake hazifanani: kimoja hupunguza mwanga, kingine huuchagua. Naamini Kiswahili kinaweza kuvipa majina mawili, na kwamba kufanya hivyo ni kuyalinda macho ya watu.

Kuchuja kunaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika kifumbu: machicha hubaki, tui hupita. Lazima kiwepo kinachozuiwa na kinachoruhusiwa. Sasa tazama ule utando unaong'aa kama fedha, unaovishwa mbele ya darubini. Ule wa kutazamia kwa jicho hupitisha takribani sehemu 1 kati ya 100,000 ya mwanga, na hupunguza rangi zote bila kuchagua. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua, kama kule kwa kipete kulikoonekana Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, ni ya jamii hiyohiyo. Kifaa hiki ningekiita kipunguza mwanga, kwa muundo tuliokwisha kuuzoea katika kipaza sauti. Kinakuonyesha fotosfia, yaani uso wa jua pamoja na madoa yake, na bei yake ni nafuu. Utando huo hukaa mbele kabisa, kabla mwanga haujakusanywa. Vioo vyeusi vilivyokuwa vikifungwa kwenye lenzi ya jicho hupata joto na vinaweza kupasuka ghafla mtu akiwa anatazama. Ukivikuta kwenye darubini ya zamani, vitupe.

Jina kichujio ningelibakiza kwa kifaa cha pili, maana hicho kinachuja kwelikweli. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Ujerumani, aliutawanya mwanga wa jua na kukuta mistari mingi myeusi ndani ya rangi zake. Mmoja, ulio katika rangi nyekundu, ndio ulioitwa C. Leo tunauita haidrojeni-alfa, na urefu wa wimbi lake ni nanomita 656.28. Haidrojeni ya jua humeza mwanga wa wimbi hilo, kwa hiyo mng'ao wa fotosfia hufifia hapo, na mwanga unaotufikia hutoka tabaka la juu yake, kromosfia. Ukiutenga mwanga huo peke yake, unaona ndimi za gesi zimesimama ukingoni mwa jua. Ndimi hizohizo zikipita mbele ya uso wa jua huonekana kama nyuzi nyeusi.

Kinachoutenga ni etaloni: bapa mbili za kioo zilizosawazishwa kwa umakini mkubwa, mwanga ukidunda katikati yake mara nyingi hadi mawimbi yasiyotakiwa yafutane. Msingi wake uliwekwa na Wafaransa Charles Fabry na Alfred Perot mwishoni mwa karne ya 19. Etaloni peke yake hupitisha mawimbi kadhaa yaliyoachana, ndiyo maana huambatana na kichujio kingine cha kuzuia mengine yote.

Hapa ndipo linapohitajika neno la pili: upenyo. Tayari lina maana ya nafasi nyembamba ya kupitia, nami napendekeza liwe jina la upana wa mawimbi ambayo kichujio huyaruhusu. Bila upenyo, jina "kichujio cha haidrojeni-alfa" ni hatari. Wapiga picha wa usiku wana kichujio chenye jina hilohilo, cha kupigia mawingu ya gesi yaliyo mbali angani, na upenyo wake mara nyingi ni nanomita 7. Cha jua huwa na nanomita 0.07 hivi. Tofauti ni mara mia. Anayekielekeza kile cha usiku kwenye jua hatapata kromosfia, na jicho lake linaweza kuharibika.

Katika kununua, basi, upenyo ndio ningeuliza kwanza, kabla ya kipenyo cha lenzi. Darubini ndogo ya Coronado PST, yenye lenzi ya milimita 40, ina upenyo usiozidi nanomita 0.1; hiyo inatosha kwa ndimi za ukingoni, lakini sura ya uso wa jua hubaki hafifu kwa sababu mwanga wa fotosfia bado unavuja. Ukiongeza etaloni ya pili mbele ya ya kwanza, upenyo hushuka hadi karibu 0.05, nyuzi na maeneo yenye msukosuko hujitokeza, ila picha huwa na giza zaidi. Hewa ya mchana hutikisika sana kwa joto la ardhi, hivyo lenzi kubwa haikulipi kila siku. Upenyo mwembamba hukulipa hata katika hewa ya kawaida. Kamera nayo iwe ya nyeupe na nyeusi. Katika kamera ya rangi, ni nukta moja tu kati ya kila nne inayopokea mwanga mwekundu, na huo ndio pekee uliouacha upite.