Kutoka Kipande hadi Kipakatalishi: Suala la Mahali pa Kazi katika Nyeri

Neno kipakatalishi limeundwa kwa kuunganisha kitenzi pakata na sehemu ya neno tarakilishi. Kwa desturi anayepakatwa ni mtoto. Hivyo waundaji wa istilahi hii wametuachia, pengine bila kukusudia, taswira ya kazi iliyotoka ofisini ikaja kukaa mapajani. Aghalabu husemwa kwamba chombo hiki kimemfungua mfanyakazi kutoka mahali pa kazi. Makala haya yanakusudia kuyapima madai hayo kwa historia ya Nyeri na miji jirani ya Mlima Kenya. Rai yangu ni kwamba suala la mahali pa kazi halikuwa kamwe suala la uzito wa chombo. Ni suala la nani mwenye amri ya kusema mfanyakazi awe wapi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika katika koloni la Kenya alilazimishwa kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Humo mliandikwa jina la mwajiri, ujira, na tarehe za kuanza na kumaliza kazi. Aliyeondoka kabla mwajiri hajatia sahihi alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Wakati huo huo wapo waliojichagulia mahali. Baden-Powell, mwasisi wa chama cha skauti, aliishi mjini Nyeri tangu 1938 hadi kufa kwake 1941, katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akiandika na kuchora huku akiutazama mlima. Kalamu yake haikuwa nyepesi kuliko jembe la kibarua wa shamba la kahawa. Tofauti ilikuwa katika sheria.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri mwaka 1921. Wanafunzi wa Kiswahili yafaa wakumbuke kwamba mwandishi huyu, ambaye hutajwa kwa Kikuyu pekee, alitoa pia kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, mwaka 1948. Alikamatwa Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, akawekwa kizuizini mahali mbalimbali, kikiwamo kisiwa cha Manda. Huko aliweka shajara kwa siri. Hakuwa na chombo ila kile kilichoweza kufichika, na kwa chombo hicho akafanya kazi ambayo serikali haikuiruhusu, mahali ambapo serikali ndiyo iliyomweka. Mwaka 1954, yeye akiwa bado kizuizini, wakulima wa Nyeri walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, na hata kwenda shambani kukawa kwa saa zilizopangwa na askari. Shajara ilichapishwa 1983, ikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kufikia hapo Gakaara alikuwa na matbaa yake Karatina: mashine nzito isiyobebeka, lakini iliyokaa mahali alipopachagua mwenyewe.

Tarakilishi ya kubebeka ilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Osborne 1, iliyouzwa Marekani kuanzia 1981, ilikuwa na uzito wa kilo kumi na moja hivi. Kuipakata kungekuwa adhabu. Kwa upande wetu, badiliko kubwa halikuletwa na chombo chenyewe bali na nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009. Tangu hapo kijana wa Karatina au Nanyuki ameweza kumfanyia kazi mtu wa ng'ambo asiyemwona. Na tangu 2016 serikali imewahimiza vijana kwa mpango wa Ajira. Ni faida isiyobezwa. Mimi mwenyewe nimesahihisha tasnifu ndani ya matatu kati ya Nyeri na Nanyuki, ingawa sidai kuwa niliisahihisha vyema.

Hata hivyo tutazame masharti. Mara nyingi mfanyakazi huyo huwekewa programu inayopiga picha ya kioo chake kila baada ya dakika chache. Kazi ikiisha, mwajiri humpa alama, na alama hizo humfuata kwa mwajiri wa pili na wa tatu. Si haki kusema kwamba hiki ni kipande kilekile, kwani hakuna afungwaye kwa kuacha kazi. Lakini muundo unafanana: maandishi ya mwajiri juu ya mfanyakazi, yanayobebwa na mfanyakazi mwenyewe.

Nasi wanaleksikografia tunalo deni hapa. Neno kibarua ni udogo wa barua: jina la karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa likawa jina la kazi, kisha la mtu mwenyewe. Yule kijana wa Karatina, asubuhi akikifungua kipakatalishi chake, naye husema anatafuta kibarua. Maana hiyo sijaiona bado katika kamusi zilizo mezani pangu.