Fedha za Zamani na Amana ya Ukuta wa Pangani

Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike machache kuhusu fedha walizotumia wazee wetu katika safari zao, kwa kuwa inafahamika kwamba nyumbani kwangu hapa Kenton ninalo kopo la bati lililojaa sarafu na noti kuukuu. Nimeitika kwa furaha, na pia kwa haya, kwa sababu ndani ya kopo hilo mna fedha ambazo si zangu. Habari yake nitaieleza mwishoni. Historia na itangulie, ili atakayenihukumu anihukumu akiwa na ujuzi.

Sarafu kongwe kuliko zote koponi ni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Unguja, iliyotolewa mwaka 1882. Zama hizo Pangani ilikuwa bandari ya pembe za ndovu, na wafanyabiashara wakihesabu kwa reale za fedha na rupia za Bara Hindi. Wajerumani walipotawala walileta rupia yao, na mwaka 1904 wakaigawa katika heller 100. Huko ndiko lilikotoka neno "hela", ambalo wajukuu zetu wa Toronto hulitamka kila wanapopiga simu kwa babu zao. Utawala ule uliondoka na sarafu zake, neno likabaki.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa hapa hapa London, Desemba 1919. Bodi ilianza na florini mwaka 1920, kisha shilingi mwaka uliofuata. Unguja iliendelea na rupia yake hadi 1936, rupia moja ilipobadilishwa kwa shilingi moja na senti hamsini. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni 1. Marehemu baba alikuwa akitusimulia jinsi alivyotoka Tanga hadi Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka Kampala, akarudi nyumbani, asibadilishe hata senti moja njiani. Kuanzia 1951 hata Aden ilitumia shilingi hiyo. Bibi yetu alizitunga senti zenye tundu katika uzi na kuufunga kwenye pindo la kanga. Uzi ule mmoja ungeweza kununua chumvi Pangani, Unguja, Mombasa na Kampala.

Uhuru ulipopatikana, kila nchi ilitaka benki kuu yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo huo Kenya na Uganda nazo zikawa na benki zao. Mwanzoni shilingi tatu hizo zililingana thamani, lakini katika miaka ya 1970 kila moja ilishika njia yake. Nilipokuwa mtumishi wa serikali Dar es Salaam miaka ya 1980, kutoka nchini na noti zetu bila ruhusa lilikuwa kosa, na aliyesafiri alipewa fedha za kigeni kwa kibali. Maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mimi nilihamia London miaka miwili baadaye.

Ninaye jirani hapa Kenton, mzee wa Kigujarati, mmoja wa maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Tukikutana Kenton Road huzungumza Kiswahili, na siku moja alinionyesha bahasha yenye noti za Uganda alizozihifadhi kwa ajili ya safari ya kurudi. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha kila shilingi 100 za zamani kwa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo serikali ikakata asilimia 30. Waliokuwa nchini walipata hasara, lakini walipata pia pa kuzipeleka noti zao. Bahasha ya jirani yangu ilikuwa Kenton, na foleni ilikuwa Kampala. Nilimwonea huruma, nikamshangaa kidogo pia. Sikujua kwamba zamu yangu ingefika.

Sasa niseme langu. Mwaka 2009 tulikutana Pangani, tukakubaliana kuujenga upya ukuta wa makaburi ya wazee wetu. Jamaa wa Tanga na Dar es Salaam walichanga shilingi 400,000, nami nikakabidhiwa kwa kuwa nilitarajiwa kurudi mwaka uliofuata kusimamia ujenzi. Zilikuwa noti 40 za shilingi 10,000, zenye picha ya tembo, za toleo la 2003. Nilizitia katika bahasha nikaja nazo. Sikurudi. Ilikuwa kwanza kazi, kisha maradhi ya mke wangu, kisha korona. Kila mara nilijiambia kwamba fedha zipo.

Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti zilizotolewa kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hazitakuwa fedha halali. Habari hiyo ilinifikia mwishoni mwa Aprili, binamu yangu aliponipigia simu kwa jambo jingine kabisa. Nilifungua bahasha nikahesabu. Zilikuwa 40 kamili, na hazikuwa na thamani tena.

Katika kopo lilo hilo mlikuwa na noti tatu za karatasi za pauni 20, ambazo maduka ya hapa hayalazimiki kuzipokea tangu 30 Septemba 2022. Nilizipeleka Benki Kuu ya Uingereza, mtaa wa Threadneedle, ambayo huzikubali noti zake za zamani bila kikomo cha muda. Nikalipwa.

Simlaumu mtu. Kenya iliifuta noti ya zamani ya shilingi 1,000 tarehe 30 Septemba 2019, baada ya tangazo la tarehe 1 Juni, ili kuwabana wenye fedha haramu na wenye kughushi. Oman nayo iliweka 31 Desemba 2024 kuwa mwisho wa baadhi ya noti zake. Serikali ina sababu zake, na siku ya mwisho haina budi kuwepo. Lakini aliye mbali ndiye apataye habari mwisho, na hilo tulijue sisi tuliotawanyika kuliko mtu yeyote.

Wala tusidhani kopo lilikuwa salama kabla ya hapo. Shilingi 400,000 mwaka 2009 zilikaribia pauni 200. Mwaka 2025, hata kama zingepokelewa, zisingefika pauni 130. Kwa hiyo nimempelekea mweka hazina wetu wa Tanga pauni 200 kutoka mfukoni mwangu. Mlinikabidhi ukuta, na ukuta hautajengwa kwa nusu ya matofali. Anayeona nimepunja na aniambie siku ya mkutano, mbele ya watu.

Ombi langu ni mawili. Michango ya ukoo isikae tena katika sanduku la mtu mmoja, iwe London, Maskati au Mombasa. Na kila mmoja wenu apekue makabati kabla ya kuja, alete noti alizozisahau, tuzitazame pamoja kuona zipi bado zina pa kupelekwa. Zile 40 zangu zitakuwa mezani, karibu na pesa ya Sayyid Barghash. Watoto wazishike, nami nitawaeleza mwenyewe zimefikaje hapo.